Ombi moja, mgao mmoja: kufuli ipi inastahili pesa za kamati?

Kamati ya basari ikiamua kuacha madaftari na kupokea maombi kwa tovuti, huita mafundi wawili watatu na kuomba makadirio. Bei huja mbalimbali, lakini fomu zinazoonyeshwa hufanana: jina la mwanafunzi, shule, kidato, jina la mzazi, nambari ya simu, kitufe cha kutuma. Tofauti iko nyuma ya fomu, mahali ambapo mwenyekiti na mweka hazina hawaoni. Swali la kuuliza kabla ya kulipa amana ni hili: mfumo huu una nini cha kuzuia mwanafunzi mmoja asiandikwe mara mbili kwa mwaka mmoja, na ombi moja lisitolewe hundi mbili?

Naiandikia kamati ya wadi kama Gombato Bongwe, mojawapo ya wadi nne za eneo bunge la Msambweni pamoja na Ukunda, Kinondo na Ramisi. Huku basari ni jambo zito. Kuna pesa za NG-CDF, yaani mfuko wa maendeleo wa maeneo bunge, kuna za kaunti ya Kwale ambazo enzi za gavana Salim Mvurya zilijulikana kwa jina la Elimu ni Sasa, kuna vikundi vya wazazi, kuna misikiti, kuna wafadhili wa Diani wanaosomesha mtoto mmoja mmoja. Mfuko mdogo ukitoa hundi mbili kwa mtoto mmoja, kuna mtoto mwingine anayerudishwa nyumbani kwa karo. Ndiyo maana sikubali suala hili liachwe kwa fundi peke yake.

Tuweke mambo mahali pake kwanza. Mfumo wa aina hii huwa na majedwali matatu: la wanafunzi, la maombi na la migao. Mwanafunzi anaweza kuwa na maombi mengi kwa miaka yote aliyosoma, ila moja tu kwa kila mwaka. Ombi likikubaliwa hupata mgao mmoja, na mgao huo ni wa ombi hilo peke yake. Uhusiano huo wa mwisho, wa moja kwa moja, ndio unaoonekana rahisi kuliko yote na ndio mafundi wengi huuacha bila kufuli.

Njia ya bei nafuu kabisa ni lahajedwali. Google Sheets haina ada, na mtu akijua kanuni ya COUNTIF anaweza kuiamuru ikatae nambari iliyokwisha kuandikwa kwenye safu ile ile. Kwa kamati yenye mwandishi mmoja na maombi machache, inatosha, na sitamcheka anayeitumia. Udhaifu wake ni kwamba ukaguzi huo hukaa kwenye kisanduku cha kuandikia. Mtu akinakili orodha kutoka kwa faili ya mwalimu mkuu na kuibandika, kanuni huweza kufutika bila kelele yoyote. Watu watatu wakiwa na ruhusa ya kuandika, basi usalama wa mfuko unategemea kumbukumbu na uangalifu wao.

Njia ya pili ndiyo inayouzwa zaidi: fundi anaandika ukaguzi ndani ya programu. Kabla ya kuhifadhi ombi, programu inauliza hifadhidata, «Mwanafunzi huyu yumo?» Ikijibiwa hayumo, inahifadhi. Kwenye maonyesho mbele ya kamati hufanya kazi vizuri sana. Ukituma mara ya pili, unapata ujumbe mwekundu kwamba ombi limeshapokelewa. Wote hupiga makofi na amana hulipwa.

Sasa chukua jioni ya siku ya mwisho ya maombi, kwenye saiba ya Ukunda. Mtandao umelemewa. Mzazi anabofya kutuma, kidude cha kusubiri kinazunguka, anabofya tena. Maombi mawili yanafika kwenye seva yakiwa yamepishana kwa sehemu ndogo ya sekunde. La kwanza linauliza: yumo? Hayumo. Kabla halijahifadhiwa, la pili linauliza: yumo? Bado hayumo. La kwanza linaandika mstari, la pili nalo linaandika mstari. Hakuna aliyedanganya na hakuna hitilafu iliyoripotiwa. Mwanafunzi ana rekodi mbili zenye nambari mbili tofauti, na mhasibu atakapoipitia orodha ya majina mia kadhaa, moja liko ukurasa wa pili na lingine ukurasa wa tisa. Fundi hata akiongeza mistari ishirini ya ukaguzi, pengo hilo kati ya kuuliza na kuandika litabaki, kwa sababu linatokana na kazi mbili zinazofanywa kwa zamu mbili.

Hapa pia jina la zana ya kutengenezea programu huwapoteza watu. Fundi anayetumia Laravel atakuambia ameandika hasOne, na wa Rails atakuambia ameandika has_one, kwa hiyo uhusiano umeshafungwa. Haujafungwa. Maneno hayo huieleza programu namna ya kusoma: nikitaka mgao wa ombi hili, niletee mmoja. Kukiwa na migao miwili, utaletewa mmoja na mwingine utabaki umefichika, jambo ambalo ni baya zaidi kuliko kuona yote miwili. Django ina utaratibu tofauti: OneToOneField yake huweka sharti la upekee kwenye hifadhidata yenyewe inapotengeneza jedwali. Kwa hiyo kati ya makadirio mawili yenye bei sawa, la Django lenye OneToOneField linakuja na kufuli ya mgao tayari, na kwa la Laravel au Rails kufuli lazima iagizwe kwa maandishi.

Kufuli yenyewe ni mstari mmoja:

ALTER TABLE migao ADD UNIQUE (ombi_id);

Na wa mwanafunzi na mwaka wake:

ALTER TABLE maombi ADD UNIQUE (mwanafunzi_id, mwaka);

Mistari hii miwili inakubaliwa na PostgreSQL, MySQL na MariaDB, zote zikiwa hifadhidata ambazo kamati inaweza kuzitumia bila kulipia leseni. Ikishawekwa, ile jioni ya Ukunda inabadilika: ombi la pili likijaribu kuandikwa, hifadhidata yenyewe inakataa, hata yakija kumi kwa mpigo, hata yakiletwa na programu nyingine ambayo fundi wa kwanza hakuiandika. Safu hizo ziwe pia haziruhusiwi kuachwa tupu, na ombi_id iwe ni rejeo la lazima kwenye jedwali la maombi, ili usije ukawa na mgao wa ombi lisilokuwepo. Kwenye MySQL, uliza kama majedwali ni ya InnoDB. Yale ya aina ya zamani, MyISAM, hukubali kuandikiwa rejeo na kisha kulipuuza. Kwenye SQLite marejeo hayalindwi mpaka programu iyawashe kila inapofungua hifadhidata.

Basi kwa nini bei ipande kwa kazi ya mistari miwili? Kufuli ni ya bure, na fundi anayedai maelfu kwa ajili ya mistari hiyo peke yake anakupunja. Kazi ya halali ya kulipia iko kwenye ujumbe. Hifadhidata ikikataa hurudisha msimbo wa kosa, 23505 kwa PostgreSQL na 1062 kwa MySQL, na fundi mvivu huuacha ukamfikia mzazi kama ukurasa mweupe wenye maandishi ya kutisha. Mzazi huyo atadhani ombi limepotea, atajaribu kwa jina lililoandikwa kidogo tofauti, na hapo kufuli yako imezungukwa kwa nia njema kabisa. Fundi mzuri huukamata msimbo huo na kumwonyesha mzazi: «Ombi la mwanafunzi huyu la mwaka huu limeshapokelewa. Nambari yake ni hii.» Kwa kazi hiyo lipa, wala usinung'unike. Ule ukaguzi wa kwenye fomu nao ubaki, kwa sababu unamjibu mzazi mapema na kwa upole. Usitegemewe tu kuwa ndio ulinzi.

Kuna chaguo jingine ambalo mafundi hulipendekeza mara chache kwa kuwa halionekani la kitaalamu: kutokuwa na jedwali la migao kabisa. Kama kila ombi lina mgao mmoja au halina, weka kiasi, tarehe na nambari ya hundi kwenye mstari ule ule wa ombi. Vitu viwili vilivyo katika mstari mmoja haviwezi kuzaa cha tatu. Ni rahisi kutengeneza, rahisi kusoma, na mweka hazina anaweza kuichapisha orodha bila msaada. Kwa kamati nyingi za kijiji hili ndilo ningelichagua.

Majedwali mawili, la maombi na la migao, yana faida pale wanaoona habari wanapotofautiana. Mwalimu anayethibitisha ombi hana haja ya kuona nambari ya hundi, na karani wa hundi hana haja ya kusoma barua ya mzazi inayoeleza maradhi ya nyumbani. Ukienda njia hiyo, muulize fundi kama anaweza kulifanya jedwali la migao litumie nambari ya ombi kuwa ndio ufunguo wake msingi, badala ya kulitengenezea nambari mpya. Ufunguo msingi haurudiwi kamwe, kwa hiyo kufuli inakuja bila hata kuombwa. Fundi akidai zaidi, kwamba kila ombi lazima liwe na mgao wake tangu siku ya kwanza, mkatalie. Hilo linahitaji masharti yanayocheleweshwa mpaka mwisho wa muamala. PostgreSQL inayaweza kwa upande wa marejeo, MySQL haiyawezi, na kamati haihitaji: ombi linalosubiri uamuzi ni jambo la kawaida.

Tukija kwenye mahali pa kuuweka mfumo, nitatumia takriban shilingi 130 kwa dola. Vifurushi vya kupangisha tovuti vya kampuni za humu nchini, vile vyenye cPanel, kwa kawaida huja na MySQL au MariaDB ndani ya bei, na kwa maombi mia kadhaa ya mwaka vinatosha. Seva ndogo kabisa ya kampuni ya DigitalOcean huanzia dola 4 kwa mwezi, yaani kama shilingi 520, lakini hapo kamati ndiyo inayobeba masasisho na nakala za akiba, na asiyekuwa na fundi wa kudumu asiiguse. PostgreSQL inayosimamiwa na kampuni hiyo huanzia karibu dola 15, takriban shilingi 1,950. Supabase inatoa PostgreSQL kamili bila malipo hadi megabaiti 500, na kufuli zote nilizozitaja zinafanya kazi humo. Ila mradi wa bure usipotumiwa kwa wiki moja husimamishwa, na basari ni kazi ya msimu: Aprili nzima inaweza kupita bila mtu kuingia. Mpango wake wa kulipia ni dola 25, kama shilingi 3,250 kwa mwezi.

Firestore ya Google nayo huvutia, kwa sababu ina usomaji 50,000 na uandishi 20,000 kwa siku bila malipo, kiasi ambacho wadi moja haitakimaliza. Lakini haina sharti la upekee kwenye safu. Njia ya kufunga humo ni kuifanya nambari ya ombi iwe ndiyo jina la hati ya mgao, kisha kuweka kanuni za usalama zinazoruhusu kuunda na kukataza kuandika juu. Inawezekana, na inafanya kazi, ila mtu akikosea kanuni moja hakuna kitakachompinga. Kwa pesa za karo, mimi ningebaki na hifadhidata ya majedwali.

Hadi hapa tumezungumzia bei ya mashine. Gharama kubwa iko kwenye kuamua «mwanafunzi mmoja» anatambuliwa kwa nini, na hakuna fundi anayeweza kuiamulia kamati.

Jina halitoshi. Pwani tunawarithisha watoto majina ya babu na bibi, kwa hiyo shule moja inaweza kuwa na akina Hamisi Juma wawili ambao ni ndugu wa mbali, na Mwanaisha wa kwenye cheti cha kuzaliwa akawa Mwanasha kwenye orodha ya darasa. Nambari ya simu nayo ni ya nyumba: mzazi mmoja anaombea watoto watatu kwa laini moja, na ukiifungia simu upekee, wa pili na wa tatu watakataliwa. Laini zenyewe hubadilisha wenyewe. Isiyotumika kwa muda mrefu hupewa mtu mwingine. Kitambulisho cha taifa hakipo, kwa sababu wanafunzi wengi wa sekondari hawajafika miaka 18.

Kinachobaki ni nambari ya UPI, ambayo Wizara ya Elimu imekuwa ikiwapa wanafunzi kupitia mfumo wa NEMIS, au nambari ya cheti cha kuzaliwa, au jozi ya shule na nambari ya usajili shuleni. Ya UPI ndiyo ningeanza nayo. Tatizo ni watoto wasiokuwa nayo, na Kwale tunawajua. Wengi wa Wamakonde waliozaliwa hapa, watoto na wajukuu wa watu walioletwa kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na ya miwa, walikaa bila hati za Kenya mpaka walipoandamana kwenda Nairobi Oktoba 2016. Wapemba wa Kwale na Kilifi walitambuliwa kuwa raia wa Kenya mwaka 2023. Mzazi aliyepata kitambulisho juzi huenda bado anafuatilia cheti cha mwanawe, na mtoto huyo ndiye hasa ambaye mfuko wa basari uliundwa kwa ajili yake.

Hapo ndipo maelezo madogo ya hifadhidata yanapogeuka kuwa suala la haki. Katika PostgreSQL, MySQL na SQLite, safu yenye sharti la upekee inaruhusu mistari mingi isiyokuwa na thamani, yaani NULL, kwa sababu «haijulikani» hailinganishwi na «haijulikani» nyingine. Hiyo ni sawa kwetu: watoto kumi wasio na UPI wanaingia wote. Lakini fomu za tovuti, fundi asipoangalia, hutuma maandishi matupu badala ya NULL, na maandishi matupu mawili hulingana. Mtoto wa kwanza asiye na nambari anapokelewa, wa pili anaambiwa ameshaomba. Katika PostgreSQL tangu toleo la 15 la mwaka 2022, fundi anaweza pia kuamuru NULL zihesabiwe kuwa sawa, kwa hiyo muulize ameweka nini. Karani naye akizoea kuandika «HANA» au sufuri nne, matokeo ni yale yale. Dawa ni kuiacha safu ya UPI ikubali kukosekana kwa kweli, na kuweka kufuli ya pili kwenye jozi ya shule na nambari ya usajili, ambayo kila mwanafunzi anayo.

Kuhifadhi nambari hizi kuna gharama ya kisheria pia. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, ada ya kujisajili kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data ni shilingi 4,000 kwa daraja la chini kabisa na kwa mashirika ya hisani, cheti kinadumu miezi 24, na kuhuisha ni shilingi 2,000. Kanuni zina misamaha kwa walio wadogo, lakini iulizeni ofisi yenyewe kabla ya kujisamehe. Na kwa kuwa wanaoandikwa ni watoto, fomu lazima iwe na mahali pa idhini ya mzazi au mlezi.

Kamati ambayo tayari ina orodha ya miaka iliyopita itakutana na kikwazo kingine: kufuli haikubali kuwekwa juu ya data iliyokwisha kurudiwa. Hifadhidata itakataa amri mpaka zilizorudiwa ziondolewe. Kuzipata ni kazi ya dakika chache, kwa amri ya GROUP BY yenye HAVING COUNT(*) > 1. Kuzitatua ni kazi ya watu: ipi ni ya kweli, ipi ilishalipwa, ni mtoto mmoja au ni wawili wenye jina moja. Msimwachie fundi azifute kwa kukisia. Kaeni naye pamoja na mwalimu na mzee wa mtaa, na mlipie siku hizo kwa makubaliano tofauti na bei ya mfumo.

Ombi lililofutwa nalo lizungumziwe mapema. Mifumo mingi haifuti kweli. Hutia alama tu kwamba limeondolewa. Mzazi aliyeondoa ombi lenye makosa akijaribu upya atakuta kufuli bado inalihesabu la zamani. PostgreSQL na SQLite zinaruhusu upekee uhesabiwe kwa maombi yaliyo hai peke yake. MySQL haina njia hiyo ya moja kwa moja. Fundi huhitaji kutengeneza safu ya ziada inayojikokotoa yenyewe. Hiyo ni sababu nzuri ya kuchagua PostgreSQL pale bei zinapolingana.

 

Kabla ya kumalizia malipo, fanyeni majaribio mawili fundi akiwepo. La kwanza, watu wawili wenye simu mbili wajaze mwanafunzi yule yule na kubofya kutuma kwa pamoja, mara kadhaa, kisha mhesabu mistari iliyoingia. La pili lina uzito zaidi: mwambieni afungue hifadhidata yenyewe, bila kupitia fomu, na aandike kwa mkono wake mgao wa pili wa ombi ambalo limeshapata mgao. Mstari huo ukikubaliwa, zuieni salio mpaka alete mistari miwili niliyoiandika hapo juu, na iandikwe kwenye mkataba kwamba marekebisho hayo hayana ada ya ziada.